Jana tulizunguka ngome, na Mama akapewa isale

Jumapili, Julai 2006. Moshi mjini.

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka stendi, mlima hauonekani na hakuna anayeuulizia. Nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni kabisa ya intaneti kafe, sweta mbili mwilini.

Shajara, leo sina utani. Wanaonisoma hapa wamezoea vituko vya shuleni kwetu: mkuu wa shule na mhuri wake, wazazi wanaokuja kunililia ofisini kana kwamba mimi katibu muhtasi ndiye niliyetunga mtihani. Leo hapana. Leo nimevurugwa.

Mdogo wangu Deo yuko nyumbani, Kibosho. Amekuja na mke wake kutoka Wales, mwanamke mmoja mpole, mrefu, anaitwa Carys. Mama anamwita Karisi na mwenyewe anaitika. Siku ya kwanza Mama alimwambia karibu, mtoto wa Uingereza, naye akasema kwa adabu kwamba si Uingereza, ni Wales. Deo akatafsiri. Mama akacheka mpaka akashika kiuno, akasema basi mwambie mkeo nimeelewa, ni kama mtu amwite Mkibosho Mmachame. Tangu hapo wakapatana.

Ningependa kuishia hapo kwenye kicheko. Lakini sikuja mjini kuandika kicheko.

Deo ndiye mtoto wa kiume pekee kwetu, na ndiye kitinda mimba. Mchagga anayesoma hapa ameshanielewa, ila wengine niwaeleze. Kwetu nyumba ya wazazi na shamba linaloizunguka, migomba juu na kahawa chini yake, tunaita kihamba. Kihamba cha wazazi humwendea kitinda mimba wa kiume. Yeye ndiye anayebaki na mama, na wazee wakishaondoka yeye ndiye anayewasha moto humo ndani. Baba tulimzika pale pale nyuma ya zizi, migombani. Deo asiporudi, kihamba kinarudi kwa ukoo, na ukoo maana yake ni Baba Mdogo, ambaye kila wiki anapita kumsalimia shemeji yake huku macho yanatembea kwenye migomba.

Na mimi? Mimi ni binti. Niliolewa Rombo, mume akahamia Arusha kwa mwanamke mwingine, nikarudi nyumbani na sanduku langu. Baba alikuwa bado hai. Alinifungulia geti, hakuniuliza kitu, akaniambia ng'ombe hajakatiwa majani. Basi nikakata majani, na mpaka leo nakata. Nachuma kahawa, nampeleka Mama hospitali, napaka nyumba rangi Krismasi ikikaribia. Lakini kwa mila nakaa pale kama mgeni aliyezidisha siku. Binti aliyeolewa anazikwa kwa mumewe. Aliyerudi anazikwa pale mwenye kihamba atakaporidhia. Mwenye kihamba akiwa Deo, najua nitalala wapi. Akiwa Baba Mdogo, sijui.

Kwa hiyo jana nzima nilizunguka na swali moja tu kifuani: Deo atarudi kukaa, au harudi?

Swali lenyewe haliulizwi. Ukiuliza habari za kihamba na mama yako yu hai, na wewe ni mwanamke, ni sawa na kumpimia jeneza akiwa anakunywa uji.

Safari ilikuwa wazo la Deo. Alikuwa amekodi gari mjini, lile la juu juu lenye tairi la akiba mgongoni, na juzi wakati wa chakula akatangaza kwamba Jumamosi tunatoka wote, tunaenda kuona ngome. Mama akauliza ngome za nani. Deo akaeleza kwamba kwa akina Carys ndivyo watu wanavyopumzika: Jumamosi wanawasha gari, wanafuata barabara ya pwani, mji huu una ngome juu ya jabali, mji unaofuata una nyingine imekaa mdomoni mwa mto, katikati wanasimama kula samaki na viazi, wanalamba aiskrimu na baridi ile ile, jioni wanarudi. Akasema nasi tuna ngome zetu, tatizo letu hatuendi kuziangalia.

Carys akatoa kamera yake ndogo akamwonyesha Mama picha. Ukuta mrefu wa mawe, minara minne, na chini yake bahari ya rangi ya risasi. Mama akaisogeza karibu na taa, akaitazama sana.

"Nani anakaa humu?" akauliza.

"Hakuna mtu, Mama," Deo akajibu. "Watu wanaenda kuangalia tu."

"Nyumba yote hii? Hata wa kuwasha moto hakuna?"

"Hakuna."

Mama akairudisha kamera taratibu. Akaendelea kumenya ndizi. Mimi nilimtazama Deo usoni, naye akatazama sahani.

Hapo ndipo swali langu lilipoanza.

Jana asubuhi tukaanzia jirani, hapo hapo Kibosho, kwenye kuta za ngome ya mangi wa zamani, chifu wetu. Watu wa mjini hawajui kama zipo. Ziko ndani ya kihamba cha mama mmoja tunayesali naye jumuiya moja, Mama Rogati. Ukipita barabarani utadhani ni rundo la mawe yaliyotolewa shambani, lakini ukiingia unaona yamepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, unene wa kitanda, na yameota kuvu. Zamani zilikuwa ndefu zaidi. Mawe yamechukuliwa kidogo kidogo, huyu msingi wa nyumba, yule banda la nguruwe. Mama Rogati mwenyewe alikiri bila aibu kwamba banda lake la nguruwe ni la kifalme.

Carys alifurahi kama mtoto. Alipitisha kiganja kwenye yale mawe, akasema kwao pia wananchi walibomoa ngome wakajengea nyumba zao, na kwamba anapenda zaidi ngome iliyoliwa na majirani kuliko ile iliyotengenezwa upya. Nilimpenda kwa maneno hayo. Niyaandike hapa, maana baadaye nilimkasirikia kwa muda na hakustahili.

Sisi wanawake watatu, yaani mimi, Mama na Mama Rogati, tukasimama tukiongea habari za kahawa, bei isiyoeleweka, watu wanaong'oa mibuni wapande nyanya. Deo na mkewe wakasogea upande wa pili, kwenye mpaka wa shamba, pale penye ua wa masale. Nikaona Deo ameinama, anafanya kitu kwa mikono. Nikadhani anafunga kamba ya kiatu.

Kisha Carys akaja peke yake. Amenyoosha mikono yote miwili, kichwa kimeinama, akapiga goti kidogo mbele ya Mama, kwenye tope lile, na suruali yake nyeupe. Akampa jani la isale.

Niwaeleze tena wasiotoka kwetu. Isale, wingi wake masale, ni mmea wa majani marefu mabichi, tunaupanda mpakani na kwenye makaburi. Umemkosea mtu, umekosa hata mlango wa kuingilia, unachuma jani la isale unampelekea. Akilipokea amekusamehe. Na halikataliwi. Watu wamewahi kusamehe damu kwa jani hilo. Bibi yangu alikuwa akisema anayekataa isale amejifungia mwenyewe nje ya nyumba yake.

Mama Rogati akaweka mkono mdomoni. "Huyu mzungu amejua mila," akasema.

Mama alilitazama lile jani kwa muda. Akamtazama Carys. Halafu akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimepokea," akasema.

Basi. Hakuuliza kosa. Carys akatabasamu, akainuka, akamkumbatia. Deo alikuwa bado kule kwenye ua, anaupiga picha mgomba. Mgomba, kitu alichozaliwa anakiona kila siku.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jani. Lilikuwa na fundo. Mgeni anaweza kuchuma jani kwa sababu limempendeza, hilo linawezekana. Lakini lile lilikuwa limekunjwa na kufungwa fundo moja katikati, kama Baba alivyokuwa akifunga. Fundo halijifungi lenyewe. Kuna aliyelifunga.

Tukaingia garini. Mama akakaa mbele kama alivyotaka Deo, na jani amelishika mapajani juu ya kanga. Tukateremka na ile barabara yetu mbovu mpaka lami, tukashika ya Arusha. Deo akaanza kuongea, na Deo akiwa na hofu huongea kama redio ya dukani. Akaeleza migodi ya makaa ya mawe, mvua ya kwao isiyoisha, watu wanaoimba kanisani kwa sauti nne utadhani Walutheri wa Machame. Mama alikuwa akitazama barabara tu. Carys naye akaanza kuona kwamba hewa ya gari imebadilika, akawa anageuza shingo, ananitazama mimi, anamtazama Mama kisogoni.

Bomang'ombe tukasimama kula. Soko limejaa, mabasi yanapiga honi, moshi wa nyama choma mpaka barabarani. Deo akamwambia mkewe kwamba jina la mji ni ngome ya ng'ombe, na Carys akacheka, akasema hiyo ndiyo ngome ya kwanza aliyowahi kusikia iliyojengewa mwenye kustahili. Mama hakula. Ndizi za kuchoma anazozipenda zikapoa mbele yake. Alisema ameshiba, na tangu asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha chai.

Mimi nilikula. Nikiwa na hasira mimi hula, ndivyo nilivyoumbwa.

Nikawa nawaza. Isale limepelekwa, isale limepokelewa. Kwa hiyo kosa lipo. Na kosa gani Deo anaweza kumfanyia Mama, kubwa kiasi cha kuhitaji isale, na baya kiasi cha kushindwa kulipeleka mwenyewe? Sikuhitaji kwenda mbali. Jibu nilikuwa nalo tangu ile siku ya picha, ila moyo ulikuwa haujaniruhusu kulishika.

Kutoka hapo tukarudi mashariki, tukapita mjini, tukapanda Old Moshi kuona boma la Wajerumani. Barabara nyekundu, migomba pande zote, watoto wanapunga mikono. Huko juu ukungu ulikuwa umeachia kidogo, ukatuonyesha tambarare yote ya chini, mashamba ya miwa ya kijani na mbele yake nyika ya kahawia. Carys akasema ukikodoa macho vizuri utafikiri ile tambarare ni bahari, na sisi tuko kwenye moja ya ngome za kwao. Mama akasema miguu inamuuma, atabaki garini. Deo akashuka haraka, akaelekea kwenye lile jengo la mawe na mikono mfukoni.

Nikabaki na Carys. Kiingereza changu ni cha kuandikia wazazi barua za ada, lakini kilitosha. Nikamuuliza, lile jani, nani alikufundisha?

Akasema Deo. Akasema Deo alimwambia ni desturi nzuri sana ya Wachagga, mkwe akiwa na furaha humpa mama mkwe jani kuonyesha heshima, na kwamba Mama atafurahi. Kisha akaniangalia vizuri.

"Hakufurahi, sivyo?" akaniuliza. "Nimekosea nini, Dafrosa?"

Nikamweleza. Sikuweza kumdanganya, alikuwa na tope gotini. Nikamwambia jani lile ni la kuomba msamaha, tena msamaha mzito, na kwamba Mama amesamehe kitu ambacho hajakijua. Akawa mwekundu kuanzia shingoni. Halafu akasema, polepole, kwamba wamenunua nyumba. Mwezi wa nne. Ule ule mji wa kwenye picha, unaona ngome ukiwa jikoni. Alidhani Deo ameshamwambia Mama. Deo alimwambia hivyo.

Sikungoja amalize. Nilimfuata Deo nyuma ya boma.

Nikamwambia tu, "Umemtuma mke wako abebe kosa lako."

Hakujifanya haelewi, na hilo nampa. Akakaa kwenye jiwe. Akasema isale tangu zamani hupelekwa na mtu wa kati, mkosaji haendi mwenyewe, na kwamba hata mimi nalijua hilo.

"Mtu wa kati anajua alichotumwa," nikamwambia. "Na anayepelekewa anaambiwa kosa kabla hajanyoosha mkono. Wewe umempa Mama asaini karatasi tupu."

Akaanza kulia. Deo, mwanamume mwenye mvi tayari kidevuni. Akasema kila mwaka alijiambia mwakani. Akasema ana kazi kule, ana maisha, akifunga macho haioni tena nyumba ya Kibosho, anaona ile ya kule, na kwamba hilo ndilo linalomtisha kuliko vyote. Akasema alijua akimwambia Mama kwa mdomo Mama atanyamaza, na kimya cha Mama hakiwezi. Alifikiri jani likipokelewa kwanza, habari itaingia polepole, haitaumiza.

Nilimhurumia. Niandike ukweli, nilimhurumia, ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Lakini nikamuuliza lile swali langu. Nikamuuliza, na mimi?

"Wewe si utakaa tu, Dada?" akasema. "Nani atakutoa?"

Nikamwambia Baba Mdogo. Nikamwambia siku Mama akifumba macho, kabla ya matanga kuisha, kikao kitakaa chini ya migomba yetu na mimi nitakuwa jikoni nawapikia wanaonigawa. Nikamwambia yeye ndiye mwenye neno. Aite ukoo angali yuko hapa, aseme mbele yao kwamba yeye harudi na kihamba anamwachia dada yake, nikae humo na nizikwe humo.

Akafuta uso. Akasema hayo ni mambo ya kizamani, siku hizi kuna sheria, wanawake wana haki.

Mambo ya kizamani! Mtu aliyechoma mafuta kutwa nzima kutuzungusha kwenye kuta za wafu. Nilicheka, kicheko kibaya, nikarudi garini.

Tulirudi nyumbani. Mlima ulitoka wote jioni ile, mweupe, safi, na Carys hakuupiga picha.

Kabla giza halijaingia nilikuwa jikoni nachochea moto. Deo na mkewe walikuwa chumbani, nasikia sauti ya Carys inapanda, kwa Kiingereza, na ya Deo haipo. Mama akaingia akakaa kwenye kigoda. Akalitoa jani kwenye pindo la kanga, lilikuwa limeanza kunyauka, akaniwekea gotini.

"Harudi," akasema.

Niliacha kuchochea moto.

"Nilijua nilipoona fundo. Lile ni fundo la baba yenu, na mwanamume aliyefundishwa ni mmoja." Akasukuma ukuni motoni. "Nililipokea kwa sababu mtoto wa watu alikuwa amepiga goti kwenye tope mbele ya Mama Rogati. Ningefanyaje? Lakini nimekaa nalo kutwa nzima, na nimeona si langu. Mimi nimebakiza kidogo, nitalala kando ya mume wangu, hakuna wa kunizuia. Aliyekosewa ni wewe. Lipokee wewe."

Shajara, ningefanya nini? Mama yangu, miaka yote hii hajawahi kusema hata mara moja kwamba anaona mzigo wangu. Alikuwa ameuona. Nilitaka kulia, nilitaka kumlalia mapajani. Na wakati huo huo kulikuwa na jani gotini kwangu, na nikilishika tu imekwisha. Deo amesamehewa, anapanda ndege, na mimi nimejifunga mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Hutamdai tena mtu uliyempokelea isale.

Nikasema, "Mama, silipokei."

Hakuna mtu wa kwetu ninayemjua aliyewahi kusema maneno hayo.

Mama hakunikemea. Alinitazama kama vile anaona mtu ambaye walikuwa wakiishi naye nyumba moja bila kutambulishana. Akaliokota jani, akalirudisha kwenye pindo, akainuka kwa shida akishika magoti.

"Basi," akasema, na akatoka.

Leo asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, alimgongea Deo mlango akamrudishia. Nilikuwa nakamua, niliwaona. Aliliweka mkononi mwake akamfunga vidole, mmoja mmoja, kama mtoto anayepewa sadaka aende nayo kanisani. Akamwambia kwa Kichagga, "Rudi nalo ukiwa na maneno yake." Deo akabaki amesimama pale mlangoni na soksi.

Kanisani sikwenda kupokea komunyo. Nilibaki kwenye benchi na moyo wangu. Padri alihubiri msamaha, kama vile kuna mtu aliyemtumia habari.

Tulipotoka nikamwona Deo amesimama na Baba Mdogo pembeni ya mnara wa kengele. Wanaongea, Baba Mdogo anatikisa kichwa, hajakubali wala hajakataa. Halafu Deo akanijia. Macho yamevimba. Akasema wazee wa ukoo watakuja nyumbani saa nane mchana huu, Baba Mdogo na wengine, atasema nao kabla hajaondoka. Nikamuuliza atasema nini. Akasema, "Nitasema." Kisha akasema, na nadhani hata hakujisikia alivyosema, "Utawapikia kitu, Dada?"

Nikaenda barabarani nikapanda gari la kwanza la mjini.

Na hapa ndipo nilipo. Nimekimbia. Kwa muda nilijiona shujaa: wapike wenyewe, pombe yao ya mbege wajimiminie. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyojiona mjinga. Deo hajawahi kusema jambo gumu mbele ya wanaume wa ukoo wetu. Jana alishindwa kulisema mbele ya mama yake mzazi. Nani atamshika mkono? Mama ataitwa, ataulizwa afya yake, ataambiwa akapumzike. Carys hajui lugha. Baba Mdogo ataanza na sala ndefu, atamsifu Deo alivyofika mbali, atasema kihamba kisimpe wasiwasi, kipo mikononi mwa ndugu. Na Deo, namjua, atashukuru.

Asiyekuwepo na lake halipo. Na mimi nimejitoa kwa miguu yangu, kwa hasira ya sufuria ya ndizi.

Je, Deo akilisema lile neno, nitalipokea jani? Sijui. Nafikiri nitalipokea. Sikulikataa kwa sababu ya chuki. Siutaki hata utajiri wa pale, utajiri gani, kahawa inayokauka na ng'ombe mmoja mzee. Nataka tu mtu mmoja aseme kwa sauti, na wengine wakisikia, kwamba pale na mimi ni kwetu.

Mwanamke haketi kwenye kikao cha kihamba. Hajaketi mama yangu, hakuketi bibi yangu. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa maneno, ni kitu unachokijua kama unavyojua usimwite mkweo kwa jina.

Saa saba na nusu. Wazee wa kwetu wakiitwa saa nane wanafika saa tisa. Nikitoka sasa nitawakuta ndio kwanza wanasalimiana.

Natoka. Nitawaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja, sitamruka mtu. Jikoni sitaingia. Nitavuta kiti nikae kati ya Deo na Baba Mdogo, na wakiniuliza nimefuata nini, nitawaambia nimekuja kusikia nitazikwa wapi.